Siku nne Usambara: namna ya kwenda Lushoto na Mtae ukalala kwa wenyeji

Mara ya kwanza nilipotembea Usambara kwa miguu nilifuata njia wanayoifuata wengi: Lushoto hadi Lukozi kwa kupitia msitu wa Magamba, kesho yake Rangwi, keshokutwa Mtae. Siku tatu, vitanda vitatu. Nilirudi Tanga na magoti yanayouma na picha tele, lakini mama aliyenipikia Mtae sikuwa nimemuuliza hata ana watoto wangapi. Mwaka uliofuata nilipanda tena, nikalala nyumba moja siku mbili, na tangu hapo sijabadili.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Usiku wa kwanza unaletewa kiti kizuri, watoto wanakuchungulia mlangoni, na kila mtu anakula kwa adabu. Usiku wa pili mama anakwambia usogee jikoni uote moto, baba anakumbuka kisa alichosahau kukisimulia jana, na mtoto wa mwisho anasinzia akiwa amekuegemea. Mpango nitakaoueleza hapa nimeupanga kwa ajili ya usiku huo wa pili: siku ya kwanza Lushoto na Irente, ya pili msitu wa Magamba kisha kupanda Mtae, ya tatu nzima na wenyeji wako, ya nne kurudi.

Chagua majira kwanza

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, usiende kama ndiyo mara yako ya kwanza. Barabara za juu ni za udongo mwekundu, na udongo huo ukilowa huteleza kama sabuni. Gari linaweza kukwama nusu siku, na njia za miguu zinazokatiza mashamba ya mteremkoni huwa hatari kwa asiyezizoea. Vuli, Oktoba hadi Desemba, mvua ni za vipindi na zinavumilika.

Mimi napenda Januari na Februari. Plamu zinakuwa zimeiva, pichi zipo, na mabeseni ya matunda yamepangwa kando ya barabara kuanzia Soni hadi Lushoto. Julai na Agosti njia ni kavu na miguu inafurahi, ila baridi ni kali. Mtu wa Tanga mjini au Dar es Salaam hudhani anajua baridi mpaka alale Mtae mwezi wa saba. Ukungu nao hushuka ukakaa, na unaweza kusimama ukingoni mwa mlima usione hata mti ulio mbele yako. Anayekwenda kwa ajili ya mandhari tu na alijue hilo kabla hajalipa nauli.

Mwongozaji na nyumba

Hapa ndipo safari inapoharibika au kutengenea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Lushoto ilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo nchini kuanzisha utalii wa utamaduni katika miaka ya 1990, mpango uliosukumwa na shirika la SNV la Uholanzi pamoja na Bodi ya Utalii Tanzania. Matunda yake ni kwamba mjini Lushoto utakuta vikundi vya waongoza wageni vyenye ofisi, vitambulisho na vitabu vya stakabadhi. Nenda ofisini. Kijana atakayekupokea stendi na kubeba begi lako kabla hujasalimia huenda akawa mtu mwema kabisa, lakini ukipata shida juu mlimani hutakuwa na mahali pa kuulizia. Piga simu wiki moja kabla, si kwa sababu nafasi hujaa, bali kwa sababu nyumba utakayolala inahitaji muda. Mama akiambiwa asubuhi kwamba jioni ana mgeni, atakopa mchele kwa jirani na kuhamisha watoto kitandani, nawe utakula deni bila kujua.

Mwongozaji mzuri utamjua kwa maswali. Atakuuliza una magonjwa gani, unakula nini na huli nini, umewahi kutembea saa ngapi mfululizo. Asiyeuliza chochote ila idadi ya watu na tarehe, mshukuru, endelea kutafuta. Hakikisha pia anazungumza Kisambaa. Vijijini Kiswahili kinaeleweka vizuri, lakini wazee wakianza kusimulia mambo ya zamani hurudi kwenye lugha yao, na huko ndiko utamu uliko.

Kuhusu nyumba, uliza mambo haya bila haya: chumba kina mlango unaofungwa? Choo kiko umbali gani, na usiku kuna taa ya kufikia huko? Kuna blanketi ngapi? Maji ya kunywa yanachemshwa? Nyumba nyingi ni za matofali na bati, jiko liko banda la nje, choo ni cha shimo, na kuoga ni kwa ndoo ya maji ya moto iliyochanganywa na ya baridi. Ndoo hiyo moja, baada ya kutembea kutwa, sijaona bafu la hoteli linaloizidi.

Kama ni mke na mume, sema mapema. Kama ninyi ni wapenzi ambao hamjaoana, sema pia, na mjiandae kulala vyumba mbalimbali. Nyumba nyingi, ziwe za Waislamu au za Wakristo, hazitakubali vinginevyo, na si jambo la kubishania. Ramadhani inawezekana kabisa kwenda, tena futari ya milimani ina raha yake, ila mchana usile mbele za watu waliofunga. Pombe usiingize kwenye nyumba ya mtu bila kuuliza.

Fedha: mistari mitano kwenye daftari

Nitasema lililonipata. Safari moja nilimkabidhi mwongozaji fedha zote, za kwake na za nyumba. Niliporudi mwaka uliofuata, mama mwenye nyumba, kwa aibu kubwa, alinieleza kwamba alichopata hakikufika hata gharama ya kuku aliyenichinjia. Sikulala vizuri usiku ule. Tangu siku hiyo naandika mistari mitano kabla ya kuondoka Lushoto, na mwongozaji anaiona: malipo yake kwa siku, malazi ya nyumba kwa usiku, chakula kwa mlo, ada ya msitu, na mchango wa kijiji kama upo. Ya nyumba naibeba mwenyewe, nampa mwenye nyumba mkononi.

Bei za malazi na vyakula mkubaliane kwa simu kabla hujapanda, kupitia mwongozaji lakini ukimsikia mwenye nyumba mwenyewe akitaja. Ukiona bei ni ndogo mno, usishangilie. Jiulize kilo ya mchele sokoni ni shilingi ngapi, kuni na maji vimebebwa kichwani kutoka wapi, kisha ongeza. Kupunguza bei ya mama anayekuamkia saa kumi na moja alfajiri kukuwashia moto ni jambo ambalo mimi siwezi kulitetea.

Mabenki na mashine za kutolea fedha zipo Lushoto mjini. Huko juu utategemea wakala wa pesa za simu, na wakala wa kijijini huishiwa na fedha taslimu. Toa zote Lushoto, tena uombe noti za elfu moja, elfu mbili na elfu tano. Noti ya elfu kumi kwenye genge la ndizi ni usumbufu tu.

Cha kubeba, na zawadi

Begi liwe jepesi. Sweta nzito, koti la mvua hata kama ni kiangazi, viatu vyenye meno vilivyokwisha kuzoeana na miguu yako, tochi, soksi za kutosha, chupa ya maji, dawa zako, na pawabenki, maana umeme wa sola wa nyumba unatosha taa na simu ya baba, si zenu wote. Wanawake wabebe kanga au kitenge. Wanaume, kaptura ni za ufukweni. Huko juu vaa suruali. Chandarua uliza kama kipo. Milimani malaria ni chache kuliko bondeni, lakini utapita Korogwe na Mombo, na mbu wa huko hawajui kwamba wewe ni mpita njia.

Zawadi usinunue Lushoto. Wenyeji wako wana viazi, kabichi, karoti, maharage na matunda kuliko wewe. Nunua pwani kile ambacho mlima hauna: nazi, dagaa au samaki mkavu aliyefungwa vizuri, chumvi, na basi likisimama Muheza, fuko la machungwa. Sukari na sabuni ya kufulia haviendi vibaya popote.

Desturi hii ya kupanda mlima na kitu mkononi ni ya kale huko. Wasambaa husimulia kwamba Mbegha, mwanzilishi wa utawala wa Wakilindi, alikuja akitokea Ngulu akiwa mtu aliyekataliwa na ndugu zake kwa kuwa alizaliwa kigego, meno ya juu yakitangulia kuota. Alikuwa mwindaji. Nguruwe mwitu walikuwa wakimaliza mashamba ya watu, yeye akawaua, akawapa wenyeji nyama, nao wakampa chakula cha shambani. Nyama kwa ugali, hivyo ndivyo walivyoanza kujuana. Baadaye akaua simba njiani kuelekea Vugha, na watu wakamfanya mfalme. Muulize mwenyeji wako akusimulie. Kila ukoo una namna yake ya kukieleza kisa hiki, na ndiyo maana kinafaa kusikilizwa zaidi ya mara moja.

Siku ya kwanza: kutoka Tanga hadi Irente

Panda basi la asubuhi stendi ya Kange. Njia inapita Muheza, Segera, Korogwe, Mombo, Soni, kisha Lushoto, na kwa kawaida ukiondoka asubuhi mchana unakuwa umefika. Wa Dar es Salaam huunga njia hii Segera. Wa Arusha na Moshi hushuka Mombo na kuchukua gari dogo la kupanda mlima.

Usilale ndani ya basi. Yale mashamba ya mkonge yaliyopangwa mistari kama mswaki yanatokana na miche 62 tu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na hiyo 62 ndiyo iliyofika hai. Mwaka huohuo wa 1893 ndipo ujenzi wa reli ulipoanza Tanga. Ilichukua hadi 1905 kufika Mombo, na 1911 Moshi. Ukitoka Korogwe tazama kulia: ule ukuta wa buluu ndio Usambara.

Mombo kuna joto la kukaanga. Nunua maji, nenda msalani, maana baada ya hapo barabara inaanza kujikunja kwa kilomita thelathini na ushei. Mwenye kichefuchefu akae mbele. Dirisha linapoanza kuingiza hewa ya ubaridi mnakuwa mmekaribia Soni, na maporomoko ya maji yako pale pale kando ya barabara.

Lushoto iko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Wajerumani waliiita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao, wakaifanya mahali pa kukimbilia joto la pwani. Weka mzigo gesti, kula, kutana na mwongozaji ana kwa ana, kamilisheni ile mistari mitano. Kisha mwende Irente kwa miguu, kama saa moja na nusu kwa mwendo wa polepole, mkipita katikati ya nyumba na mashamba.

Matembezi haya ni ya kupimana. Mwongozaji anaangalia pumzi zako, wewe unaangalia anavyosalimia watu. Anayepita vibanda bila kumwamkia mzee, huyo hata kijijini kwao hatakufungulia mlango wa mtu.

Mwisho wa njia ardhi inakatika. Chini, karibu mita elfu moja, ni Mazinde, barabara kuu, mashamba ya mkonge na nyika ya Wamasai inayokwenda mpaka macho yanachoka. Hakuna uzio. Jiwe likiwa na unyevu usikaribie ukingo, na simu usiishike kwa kunyoosha mkono nje kwa ajili ya picha. Wakati wa kurudi, shamba la Irente, ambalo ni la Kanisa la Kilutheri, huuza jibini, jemu na mkate wa ngano isiyokobolewa. Nunua kidogo cha kula kesho msituni.

Siku ya pili: msitu, kisha nyumbani kwa watu

Ondokeni mapema. Msitu wa Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na ada hulipwa kwa namba ya kumbukumbu, si kwa kumpa mtu fedha mkononi. Mwongozaji akikwambia mpite njia ya nyuma msilipe, kataa. Vijiji vinavyozunguka msitu vinaishi kwa maji yake.

Saa tatu au nne za kutembea zinatosha. Mtaona mbega wakiruka juu, weupe na weusi, mikia kama shungi. Mtaona pia miti mikubwa iitwayo mikulo, na visiki vya mingine iliyokwisha kukatwa. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia Wajerumani walitandaza njia ya kamba za chuma kutoka uwanda wa Shume hadi Mkumbara, magogo yakiteremshwa angani kufika kwenye reli. Ukiwa umesimama chini ya mkulo mmoja uliobaki, ukaukumbatia na mikono isikutane, utaelewa nini kiliteremshwa.

Vinyonga wapo, wengine wenye pembe puani. Wenyeji wengi huwaogopa. Usimlipe mtoto akukamatie. Kinyonga akishikwashikwa kutwa nzima kwa ajili ya picha za wageni, hafiki kesho.

Panga na mwongozaji mtokee barabara ya Lukozi ili mdake basi linalopanda Mtae mchana. Mabasi ya Mtae hushuka alfajiri na kurudi mchana, na ukilikosa utategemea gari la mboga au bodaboda, jambo ambalo kwa barabara ile silishauri ukiwa na mzigo. Lengo ni kufika kabla jua halijazama. Kuingia nyumba ya watu gizani, mbwa wakibweka, mama akikimbizana na taa, ni kuanza vibaya.

Mkifika, kabla ya kwenda nyumbani, piteni ofisi ya kijiji mwandike jina kwenye kitabu cha wageni. Ofisi ikiwa imefungwa, mwenyekiti wa kitongoji apigiwe simu. Mwenyeji wako analala kwa amani serikali ya kijiji ikijua nani yuko kwake.

Mlangoni, shikamoo kwa kila aliyekuzidi umri, na usiharakishe. Mwite mwenye nyumba baba na mkewe mama, hata kama mmelingana miaka. Wazee ni babu na bibi. Ukiweza, jifunze mawili matatu ya Kisambaa kutoka kwa mwongozaji: mchana ni “onga mshee”, nawe ukiulizwa hali unajibu “niwedi”, na kushukuru ni “hongea”. Utakosea lafudhi, bibi atacheka mpaka afute machozi, na hapo utakuwa umekaribishwa kweli. Utasikia pia majina mengi ya ukoo yanayoanza na She. Kuuliza maana ya jina la mtu ni mwanzo mzuri wa maongezi kuliko kuuliza kazi yake.

Zawadi mpe mama, zikiwa zimefungwa, bila hotuba. Usitegemee zifunguliwe mbele yako.

Chakula kikija, kula kilichopo. Itakuwa ugali na maharage, au viazi, au makande, na mboga za majani zilizochumwa saa moja iliyopita. Ukishiba sema mapema, kabla sahani haijajazwa tena. Ukiona kuku anakimbizwa uani na huli kuku, usinyamaze kwa adabu. Sema upesi, kuku ana thamani yake.

Usiku ule wa kwanza lala mapema. Ni kawaida kuamshwa na adhana, kengele ya kanisa na jogoo kwa wakati mmoja.

Siku ya tatu: omba jembe

Hii ndiyo siku niliyokuandikia mwongozo wote, na ndiyo isiyo na ratiba. Jioni ya kuamkia siku hii muulize baba au mama: kesho mna kazi gani? Kisha omba kwenda nao. Usingoje upewe jembe siku ya tatu kama methali inavyotaka, liombe mwenyewe siku ya pili.

Watakukatalia mara moja kwa heshima. Rudia ombi. Wakikubali, nenda kwa ajili ya kazi. Kama ni kupalilia maharage, muulize mama lipi gugu lipi mmea, usidhani. Kama ni kuvuna viazi, jembe lishuke mbali na shina. Kama ni kubeba kabichi kupandisha barabarani, beba unachoweza na upumzike bila aibu. Msichana wa miaka kumi na mitano atakupita akiwa na mzigo mara mbili ya wako, huku akiimba. Saa mbili au tatu zinatosha. Zaidi ya hapo unawachelewesha.

Shambani tazama chini. Mashamba mengine yako kwenye mteremko ambao mgeni angeogopa hata kusimama. Utaona mistari ya majani ya tembo iliyokingama mlima, iliyopandwa kushikilia udongo na kulisha ng'ombe wa bandani. Nyingi ya kazi hizo zilienezwa na mradi wa hifadhi ya udongo wa Serikali na Wajerumani, SECAP, ulioanza mapema miaka ya 1980. Lakini mzee akilitaja neno matuta kwa uchungu, mwache aseme. Waingereza waliwalazimisha watu wa milima hii kuchimba matuta, wakianzia bonde la Mlalo mwaka 1946, na watu walipinga mpaka mpango ukaachwa 1957. Nimewahi kukaa chini ya mti nikasikiliza kisa hicho kutoka kwa babu aliyekirithi kwa mama yake, na sikukumbuka kupiga picha hata moja.

Mchana, baada ya kuoga na kula, mwongozaji akupeleke ukingoni. Mtae imekaa juu ya mgongo mwembamba wa mlima, bonde huku na bonde kule, na mbele yake ni nyika ya Mkomazi. Anga ikitakata, Kilimanjaro huonekana, hasa asubuhi na mapema au jua linapoelekea kuzama. Kama siku yako imeangukia gulio la karibu, acha mlima, nenda gulioni. Siku za gulio hutofautiana kijiji hadi kijiji, muulize mama tangu jana. Nunua kitu, hata fungu la matunda damu.

Picha: omba kwanza, tena umwombe mtu mwenyewe, si mwongozaji wake. Watoto usiwagawie peremende wala sarafu njiani. Atakayepita kesho bila peremende atazomewa, na wewe ndiye utakuwa umemfundisha mtoto kuomba. Mwenye daftari na kalamu azipeleke kwa mwalimu mkuu.

Jioni hii, kabla ya chakula, malizana na deni. Basi huondoka gizani na asubuhi hakuna nafasi ya kuhesabu fedha. Mwite mwenye nyumba pembeni, mpe mkononi, hesabu mbele yake kimyakimya, ongeza cha shukrani ukiwa nacho. Mwongozaji naye mlipe kivyake.

Kisha kaa jikoni. Usiulize maswali mengi. Moto utafanya kazi yake.

Kama wewe ndiye mwenye nyumba

Najua wasomaji wengine wana nyumba Lushoto, Bumbuli au Mlalo na wanafikiria kupokea wageni. Usijenge chumba kipya kwa mkopo kabla ya mgeni wa kwanza. Anza na kitasa kinachofanya kazi, shuka safi, blanketi mbili, choo kilichofagiliwa chenye kopo la maji na karatasi, taa ya kufikia choo, na thermosi ya maji yaliyochemshwa. Bei iandike ukutani. Na usimpikie mgeni chipsi. Ametoka mjini, chipsi anazijua.

Siku ya nne: kushuka

Amka saa tisa na nusu usiku. Mabasi huanza kuondoka Mtae kuanzia saa kumi alfajiri, na dereva hangoji. Funga begi usiku, acha chumba kama ulivyokikuta, blanketi limekunjwa. Mama atakuwa ameamka kabla yako. Kunywa chai yake hata kama imebaki dakika tano.

Watakusindikiza, baba na labda mtoto mmoja mwenye tochi. Wakubalie, usiseme “rudini mkalale”. Huenda ukabebeshwa karoti au viazi. Pokea kwa mikono miwili. Simu ya mwenye nyumba iwe tayari imeandikwa kwako, na ukifika Tanga, hata kama ni saa nane mchana umechoka, piga useme umefika. Watakuwa wanangoja.

Picha za familia usizitume kwa simu tu. Zisafishe studio, zitie bahasha ngumu, andika jina la mwenye nyumba, kijiji na namba ya simu, kisha mpe kondakta wa basi la Mtae pale Kange na umlipe gharama ya mzigo mdogo. Mpigie mama umwambie basi gani na limeondoka saa ngapi, ili mtoto atumwe barabarani kuipokea.